Kuagwa Kabla ya Treni

Kosa letu lilikuwa moja tu: tuliagana kabla treni haijapiga honi. Mtu yeyote wa Kindu, kwetu Kongo, atakuambia kwamba treni yetu haiondoki siku iliyoandikwa ubaoni. Inaondoka siku kichwa chake kitakapofika, mafuta yatakapopatikana na dereva atakapopona malaria. Mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli, nimezaliwa hatua chache kutoka stesheni, na hayo niliyajua kabla sijajua kuhesabu. Na bado niliagwa siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, kwa sababu mjomba wangu alikuwa na mpunga wa kuvuna kule Kailo.

Nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa kwa nini hilo lilinitesa. Upande wa mama yangu, mtu anayekwenda kukaa nchi nyingine haondoki hivi hivi. Ndugu wa mama ndiye mwenye haki ya kumuaga. Anatia maji kinywani, anamnyunyizia viganjani na utosini, anasema maneno yake, kisha msafiri anavuka kizingiti bila kugeuka na mlango unafungwa nyuma yake. Hapo ameondoka. Hata kama amesahau kitana mezani, ameondoka. Mlango ule haufunguliwi tena mpaka miguu yake iwe imekanyaga ardhi ya kule alikoagwa kwenda. Akirudi kabla, wazee wanasema safari yake imekufa, na safari iliyokufa haizai nyingine.

Najua unavyofikiri. Mimi pia nafikiri hivyo. Mimi ni mhasibu, nimezoea kuamini kitu chenye risiti. Lakini katika nyumba yetu desturi ile ilikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa mimi.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka ishirini. Mji ulikuwa umezingirwa: waliotutawala walikuwa ndani, waliopigana nao walikuwa msituni pande zote, na sisi katikati tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Treni ilikuwa imesimama. Baba aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi na kofia yake ya kazi, akakaa katika ofisi isiyo na kitu, akarudi saa nane mchana. Nikimwuliza anafanya nini kule, ananijibu, "Tunangojea." Alisema neno hilo kwa fahari, na mimi nililichukia tangu wakati ule.

Nilikuwa nimemaliza sekondari upande wa biashara, na hakuna aliyenihitaji. Ndipo binamu ya mama, mfanyabiashara aliyekimbilia Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya ziwa, akatuma barua iliyopita mikononi mwa watu kumi kabla ya kutufikia. Alitaka msichana anayejua hesabu, amkabidhi kasha la duka lake. Niliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kundi la wachuuzi lilikuwa linajiandaa kwenda kwa miguu: kuvuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, kupita Pangi na Kabambare, kuteremka mpaka ziwani. Walisema ni mwezi mmoja ukiwa na bahati, miwili ukiwa mtu wa kawaida.

Mjomba alikuwa amekimbilia kwetu kutoka shambani kwake, akaniaga vizuri. Nilivuka kizingiti, sikugeuka. Nilivuka mto. Nikalala Alunguli na wachuuzi, na asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, mpiga kasia mmoja akaja akiniita kwa jina la baba. Mama yako anakufa, alisema, hatambui watu tena. Nilirudi na mtumbwi uleule.

Mama alikuwa kitandani, amejifunika uso. Hakufa. Kwa wiki tatu nilimpikia uji, nikamgeuza ubavu huu na ule, nikamwosha. Siku aliyoketi na kuomba sombe, wachuuzi walikuwa wamekwisha kupita Kabambare. Kazi ya Kigoma alipewa msichana wa Uvira. Mwaka uleule homa ikamchukua baba, kabla treni yake haijarudi, na mimi nikabaki Kindu na mama. Sikumlaumu. Nani atamlaumu mgonjwa?

Nilibaki zaidi ya miaka ishirini. Vita vilikwisha, wakasema vimekwisha. Nilisoma chuo palepale mjini, jioni, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Niliolewa, nikaachika, hilo si la hapa. Nilifanya kazi katika ofisi moja ndogo ya akiba na mikopo pale mtaani Kasuku, ofisi iliyokumbuka mishahara kama mtu anavyokumbuka ndoto. Kila nilipojaribu kazi ya mahali pengine kitu kilitokea, na kila kitu kilipotokea shangazi mmoja au jirani mmoja alitikisa kichwa. "Safari ya huyu ilikufaka zamani." Walisema mbele yangu, kama daktari anayesoma kipimo.

Kisha mwenzangu wa chuo akanitumia tangazo kwa simu. Kampuni moja ya Kigoma, inayosafirisha mizigo kuja Kongo, ilitafuta mhasibu anayesoma karatasi za Kifaransa na kusema Kiswahili. Kigoma! Nilicheka peke yangu. Mahojiano yalikuwa kwa simu, na mimi nimesimama juani karibu na mnara wa mtandao, pikipiki zinapita, nimeziba sikio moja. Waliniuliza kwa nini naitaka kazi hiyo. Nilitaka kusema: kwa sababu nina miaka arobaini na mitatu na sijawahi kulipwa tarehe ileile mara mbili. Nikasema napenda changamoto.

Walinichukua. Nifike Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Furaha yangu ilidumu mpaka dirisha la kwanza la ofisi. Kila karatasi ilidai karatasi nyingine iliyoizaa. Ili diploma yangu ikubaliwe ilihitaji muhuri, na mwenye muhuri alikuwa kwenye msiba, na aliporudi msibani mtu wa wino alikuwa kwenye mafunzo. Bwana mmoja aliniambia bila aibu kwamba watoto wake hawajaona maharagwe tangu Jumapili, na sisi wote tunajua maharagwe hayo hayapikwi kwenye chungu. Nilimpa pesa. Nilijidharau nikampa, kisha akaniambia mtandao umekatika.

Lakini nilizipata, zote. Zikabaki njia. Ndege za kwenda mashariki zilikuwa zimesimama kwa sababu ya vita hivi vipya, na kuzunguka kwa Kinshasa kungegharimu mahari ya wasichana watatu. Ikabaki treni mpaka Kalemie, na kutoka hapo meli. Pale stesheni mkuu wake aliandika ubaoni kwa chaki: Jumanne. Nilikuwa na siku kumi na tatu mkononi. Nilihesabu nikaona zinatosha, hata kwa treni yetu.

Mjomba alifika Jumatatu jioni, juu ya pikipiki, jogoo amefungwa kwenye usukani. Ni mzee sasa, lakini bado analima mwenyewe. Asubuhi nilimwomba jambo moja. "Mjomba, tungojee honi kwanza."

"Mutoto wangu," akasema kwa Kiswahili chetu, ambacho "ndio" yake ni "njo", "mupunga haingojee honi. Ndege zinakula. Leo njo nakuaga, leo njo narudia."

Nilimtazama mama, nikitegemea atanisaidia. Mama akasema, "Fanya, kaka."

Basi wakafanya. Mjomba, ambaye ni Mwislamu, alianza kwa bismillahi. Mama, ambaye ni Mkatoliki, alishika rozari yake. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Maji yalikuwa baridi utosini. Nilichukua sanduku langu, nikavuka kizingiti, sikugeuka, nikasikia komeo. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilitembea mpaka stesheni nikiwa na furaha kama mjinga.

Ubaoni Jumanne ilikuwa imefutwa kwa kiganja. Paliandikwa: Alhamisi.

Saa tisa nilisimama tena mbele ya mlango wetu na sanduku. Sikuwa na wasiwasi. Nilibisha.

"Nani?"

"Ni mi, mama. Treni haiko."

Nikasikia komeo la pili, lile la chini, ambalo hatulitumii ila wakati wa fujo, likisukumwa mahali pake. Nilicheka nikidhani anatania. Halafu nikasikia sauti yake nyuma ya nyumba, akimwita mjane wa upande wa pili wa ua, anayekaanga mandazi: "Mama jirani! Kuko mugeni anasimama kwangu. Mumupokee, mi sina nafasi."

Hivyo ndivyo nilivyohamia nchi jirani: hatua kumi na tano kutoka kitandani mwangu, kwenye parseli, yaani kiwanja, ya mama wa mandazi, ukuta wa mianzi katikati. Kupitia mianzi ile nilimwona mama akifagia, akianika nguo, akichambua mchele. Hakunitazama hata mara moja. Akitaka kuniambia kitu, alimwambia jirani kwa sauti kubwa, na mimi nimeketi palepale.

"Mama jirani, mugeni wako anakula pilipili?"

"Mwambie anakula!" nami nikapaza sauti. "Mwambie huyo mgeni anaijua hata sahani yenyewe!"

Na chakula kilikuja, sombe na samaki, kimefunikwa vizuri. "Hii njo ya mugeni wako," alisema, akamkabidhi jirani juu ya ua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wanasema, na mama wa mandazi hakutaka kukosea methali. Siku ya tatu alinipa mchi na kinu. Mhasibu wa kampuni ya kimataifa alitwanga majani ya muhogo kwa siku saba.

Kila asubuhi nilikwenda stesheni. Watu walikuwa wamehamia jukwaani na magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya mawese, mbuzi, masufuria. Wanawake walipika, wanaume walicheza karata, mtu akiondoka kwenda kuoga mwenzake anamlindia nafasi. Hakuna aliyekasirika, na hilo lilinikasirisha kuliko kuchelewa kwenyewe. Alhamisi ikawa Jumamosi, Jumamosi ikawa "tutawajulisha." Niliwauliza wazee waliokaa pale, hamchoki? Mmoja akanijibu, "Tunangojea," kwa sauti ileile ya baba yangu, na ilibidi niondoke nisije nikamtukana mtu mzima.

Kigoma walipiga simu. Dada wa ofisi ya utumishi alikuwa na Kiswahili kitamu, kila sentensi ina pole yake.

"Pole sana, dada yangu. Kwani treni yenu haina ratiba?"

"Inayo."

"Sasa?"

"Iko ubaoni."

"Basi jitahidi, dada," akasema.

Nijitahidi! Nisukume mabehewa? Nilikata simu. Maisha yangu yote nimeambiwa nijitahidi na watu walioketi mahali ambapo magari yanaondoka. Kesho yake niliwapigia, nikaomba wiki moja zaidi. Walinipa, kwa pole nyingine.

Siku ya tano nilirudi kutoka stesheni na jua lote kichwani. Mama alikuwa uani akipepeta mchele, ameniachia mgongo. Jirani alikuwa anakanda unga. Sijui kilichonipata. Nilisimama kwenye ua, nikasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Nilisema hii ni mara ya pili ananipotezea Kigoma. Nilisema kama asingeugua wakati wa vita ningekuwa na nyumba yangu kule, na watoto labda, na nisingekuwa hapa nikitwanga sombe ya jirani kama mtumwa. Nilisema ugonjwa wake ulinila mimi, si yeye.

Ungo ulisimama. Mama hakugeuka. Alisema polepole, kwa sauti ya kuagiza chumvi:

"Mama jirani, mwambie mugeni wako, ile siku sikuwaka mugonjwa."

Jirani alisimama na unga mpaka kwenye viwiko. Alinitazama, akautazama ua. Maskini hakujua kama anapaswa kurudia maneno yale au la.

"Mwambie," mama akaendelea, "baba yake alikuwa anaanza homa. Nikaogopa. Nikasema, huyu anaenda, na ule anakufa, mi ntabaki na nani? Njo nikalala kitandani."

Kisha akaendelea kupepeta mchele.

Nilitoka nikaenda bandarini, nikakaa juu ya gunia la mtu. Ng'ambo Alunguli ilionekana wazi, mitumbwi inakwenda na kurudi, robo saa tu ya kuvuka. Nilikuwa nimelala kule usiku mmoja wa maisha yangu. Nilikumbuka uji. Wiki tatu nilimnywesha uji mwanamke mwenye afya kuliko mimi, nikilala sakafuni kando yake, nikiamka kusikiliza kama bado anapumua. Na alikubali. Kila kijiko alikubali. Nilitaka kuuvunja mlango ule, si ili niingie, bali ili usiwepo.

Jioni jirani alijaribu kunituliza, akaharibu zaidi. "Usimukasirikie sana," alisema. "Sisi wote tulijuaka." Wote! Walionitikisia vichwa miaka yote ile, waliosema safari yangu ilikufa, walijua nani aliiua. Chakula cha mama kilipokuja nilikirudisha juu ya ua bila kukifunua. Kilirudi kesho yake, nikakirudisha tena. Siku ya tatu ya mgomo huo alipika samaki wa kukaushwa kwa karanga, na mimi ni binadamu, nikala, nimekasirika nikala.

Sasa nilielewa mambo ya Jumanne. Alipomwambia kaka yake "fanya," alikuwa ameamua. Komeo la chini halikuwa la desturi peke yake. Safari hii hakujiamini. Kuelewa hakukunipunguzia hasira, kuliiongeza, maana mtu unayemwelewa huwezi hata kumtukana vizuri. Alinishika nilipotaka kwenda, na sasa ananifukuza wakati hakuna njia ya kwendea. Kwa nini katika mambo yote mawili uamuzi ulikuwa wake?

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa kinuni. Ulikuwa mrefu na wa heshima. Kutokana na hali iliyo nje ya uwezo wetu, tumelazimika kuendelea na mwombaji mwingine. Tunakutakia kila la heri. Wiki ile ya nyongeza ilikuwa hata haijaanza.

Niliusoma mara mbili. Sikulia. Nilihisi kitu kama kupumzika, na nilijionea aibu. Basi imekwisha, nilijiambia. Nitalala kitandani mwangu leo. Wakati nikifikiri hivyo, upande wa stesheni ilisikika honi, ndefu, kisha nyingine fupi mbili, na mtaa mzima ukapiga kelele. Kichwa cha treni kilikuwa kimefika. Watoto walianza kukimbia. Mama wa mandazi alianza kutia mandazi kwenye beseni haraka haraka, maana abiria watanunua.

Nilikwenda kwenye ua. Sikumtumia jirani.

"Mama."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwangu, kama kawaida.

"Mama, kazi imekwenda. Wametia mtu mwingine. Wameniandikia sasa hivi. Hakuna tena kitu cha kwenda kufanya kule. Nifungulie."

Honi ililia tena. Kisha akanijibu mwenyewe, bila jirani, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Kule Kigoma kuko kazi moja tu?"

"Sijui, mama."

"Basi kwenda uangalie."

"Nitakaa kwa nani? Nitakula nini? Nina miaka arobaini na mitatu, mama, si ishirini!"

"Najua mwaka yako. Mi njo nilikuzaa." Sauti yake ilikatika hapo, akaitafuta, akaipata. "Mulango hii sifungue."

Nilimwambia maneno mabaya. Sitayaandika. Aliyasikia yote akiwa ameshika magoti yake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakusimama. Nilijua kama nikikaa pale dakika tano zaidi atasimama. Nadhani naye alijua, maana alianza kumwita mama jirani kwa kelele, anamwambia mgeni wake atachelewa treni, kwa nini hamtoi, ni ujirani gani huo. Mama jirani alinishika mkono, akachukua sanduku langu kichwani mwake, juu ya kitambaa alichokuwa amekiandaa kwa beseni la mandazi, na tukaenda.

Niliingia kwenye behewa kwa hasira. Watu wengine huondoka kwao kwa matumaini, au kwa machozi. Mimi niliondoka kwa sababu sikuwa na mahali pa kulala. Treni ilitembea, ikasimama Kibombo siku mbili, ikatembea, ikasimama mahali pasipo na jina. Nilikula mandazi ya jirani mpaka yakawa mawe. Kalemie nilingojea meli siku nne, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nimeketi na wanawake, tunapika, tunalindiana nafasi, na mtu mgeni aliponiuliza nafanya nini nilimjibu neno la baba kabla sijaweza kulizuia.

Kigoma nilikwenda moja kwa moja kwenye kampuni ile, na vumbi langu. Dada wa utumishi alitoka akasema pole. Nilimwambia, dada yangu, pole yako nimeshiba, niletee mkubwa wako. Nilikaa kwenye kiti cha wageni siku tatu. Siku ya nne wakaniita ndani, kwa sababu bwana waliyemwajiri mahali pangu alikuwa mtaalamu mzuri, kijana wa Dar es Salaam, mwenye vyeti vyote, ila Kifaransa hakijui, na karatasi za forodha za Kongo zilikuwa zimejaa mezani kwake mpaka dirishani. Wakanipa meza ndogo pembeni yake, kwa mkataba wa miezi mitatu, ambao wameuongeza mara nne. Namsomea karatasi, namwonyesha pa kuziandika, nasahihisha anapokosea, na mwisho wa mwezi yeye anatia sahihi. Ni kazi ileile niliyoikosa, ila jina juu yake si langu. Ninalipwa tarehe ileile kila mwezi. Sijui kama nishukuru.

Kwa hiyo, kwa sheria za nyumba yetu, miguu yangu imekwisha kukanyaga. Mlango uko wazi sasa, naweza kurudi hata kesho nikapokewa kwa ngoma. Mjomba amesema hivyo kwa simu. Amesema pia mpunga ulikuwa mzuri mwaka ule.

Mama nampigia Jumapili, kwenye simu ya jirani. Anaongea na mimi mwenyewe siku hizi, hapiti kwa mtu. Ananiuliza nimekula nini. Ananiuliza kama naenda misa, kama maji ya ziwa ni baridi, kama yule kijana bado ananipa kazi yake. Miguu yake imevimba, jirani ameniambia, yeye mwenyewe hasemi. Tukimaliza anasema haya, simu ya watu, na anakata.

Bado nina hasira naye. Watu wanadhani hasira ya namna hii inayeyuka ukishapata mkate. Wiki iliyopita nilimwuliza kwa ukali kwa nini, mwaka mzima na zaidi, hajaniuliza hata mara moja nitarudi lini. Kila mama huuliza. Wenzangu hapa mama zao wanauliza mpaka wanaona kero.

Nilisikia mafuta ya mandazi yakichemka nyuma yake.

"Nikikuuliza," akasema, "utakuja."

Ni kweli. Ningekuja.